Ukumbi Wetu na Baraza ya Hadithi



Katika mkutano wa mwisho wa mwezi huu Halmashauri ya chama chetu itaulizwa swali moja ambalo kwa mtu alitazamaye upesi laonekana dogo: je, kundi la watambaji hadithi la mji wetu liendelee kupewa ukumbi wetu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, au liambiwe litafute mahali pengine? Tumepokea barua za pande zote mbili, nyingine ndefu, nyingine za maneno makali. Kwa kuwa ukurasa huu ni wa wanachama wote, yatupasa kusema maoni yetu wazi kabla ya siku ya kura, ili asiwepo mtu wa kusema baadaye kwamba aliinua mkono pasipo kujua alikubali nini au alikataa nini.

Kwanza na tueleze jambo lenyewe, kwa faida ya wale waliohamishiwa Tanga hivi karibuni na wale ambao hawajapata kuhudhuria. Kundi hili halina ofisi, halina muhuri, wala halina daftari la mapato. Ni wazee wa kike na wa kiume wa Ngamiani, Chumbageni na Makorora, pamoja na walimu wawili watatu wa shule za msingi na vijana wachache wapendao lugha. Baada ya sala ya Isha mikeka hutandikwa ukumbini. Watoto hukaa mbele, mama zao nyuma yao, na makarani wengine husimama mlangoni kana kwamba ni wapita njia, hata wachoke kusimama waje wakae. Huanza kwa vitendawili. Mtegaji akiona wenziwe wamenyamaza husema, “Nipeni mji,” nao humpa Pangani, au Mombasa, au Unguja. Naye akiisha kuukubali hueleza jinsi alivyokwenda huko akala akanywa na kustareheshwa, ndipo atoe jawabu. Baada ya vitendawili mzee mmoja hukohoa, hunyosha miguu, husema “Paukwa!”, na ukumbi mzima huitikia “Pakawa!” kwa sauti isikiwayo mtaa wa pili.

Kazi ya kundi haiishii ukumbini. Huenda mashuleni wakialikwa na walimu, na mara kwa mara huingia katika wodi ya watoto wagonjwa, ambako hadithi husimuliwa kwa sauti ya chini na bila makofi. Tena kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, wazee hawa huitwa hadharani kusimulia mbele ya wakubwa.

Sasa tutazame hoja za wale wasiotaka. Hoja ya kwanza ni ya heshima. Mwanachama mmoja ameandika kwamba ukumbi huu ulijengwa kwa michango ya watumishi wa Serikali ili wapate mahali pa kusoma magazeti, kujadili mambo ya kazi na kupokea wageni. Wala si uani ambapo nyanya huwalaza wajukuu kwa visa vya sungura na fisi. Asema kwamba mtu aliyesoma hana haja ya mambo hayo, na kwamba wageni wakituona tumekaa mikekani tukiitikia “Pakawa!” watatudharau.

Twamheshimu mwandishi wa barua hiyo, walakini twamwomba akumbuke ni watu gani waliotutangulia katika kazi hii ya kalamu, hapa hapa petu. Chama cha kwanza cha watumishi wa Serikali Waafrika katika Tanganyika kilianzishwa katika mji huu wa Tanga mwaka 1922, na aliyekiongoza ni Martin Kayamba, mwanafunzi wa Kiungani. Mtu huyu alipokwenda Uingereza mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya Kamati ya Bunge, hakurudi na ripoti peke yake. Aliwaandikia wenzake kitabu, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, akawasimulia safari yake kama mtu asimuliavyo barazani. Kalamu ya ofisi haikumwondolea ulimi wa msimulizi.

Mbele yake alikuwapo Abdallah bin Hemedi ʼl-Ajjemy, aliyeandika Habari za Wakilindi. Kitabu kile kilipigwa chapa katika misheni ya Magila, si mbali na hapa, kati ya mwaka 1895 na 1907, kikapigwa tena mwaka 1962. Alipata wapi habari za Mbega mwindaji, mtoto aliyeanza kuota meno ya juu akaonekana kisirani, akakimbia kwao Ungulu, akagawa nyama ya nguruwe mwitu kwa watu wa milimani, akaua simba, hata akatawazwa Vuga? Hakuzikuta katika jalada lolote. Alizisikia vinywani mwa wazee, akazitia katika karatasi. Lau wazee wale wangaliambiwa kwamba pa kusemea pao ni uani tu, leo Usambara isingekuwa na kitabu kile.

Na nani asiyemjua Shaaban Robert? Alizaliwa Vibambani, karibu na mji huu, mwaka 1909, akaingia ukarani katika Idara ya Forodha mwaka 1926. Katika kitabu chake Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, mtu aitwaye Karama ameshtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Je, alijitetea kwa nini? Alijitetea kwa kusimulia. Siku baada ya siku aliwaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali kutafuta mema, wakarudi nayo, wakatupwa gerezani kwa ujira wao; na alipomaliza, mfalme akaamuru wafungwa wafunguliwe. Karani mwenzetu aliyetunga kisa hicho alijua kwamba neno lisiloweza kusemwa mbele ya mwenye nguvu kwa njia ya shitaka huweza kusemwa kwa njia ya hadithi, naye mwenye nguvu akalisikiliza mpaka mwisho kwa kutaka kujua yaliyotokea. Basi kama jambo hili halikumvunjia heshima Shaaban Robert, sisi twaogopa kuvunjiwa heshima gani?

Hoja ya pili ni ya gharama. Mhazini wetu ameeleza kwa haki kwamba taa huwaka, mlinzi hukaa mpaka usiku, na mikeka miwili imeraruka. Wengine wameshauri watu watozwe kiingilio mlangoni. Shauri hili twalipinga. Tukiweka kiingilio, atakayekuja ni mtoto wa mwenye mshahara, naye mtoto wa mchuuzi wa samaki atabaki nje akichungulia dirishani. Na hao walio nje ndio wanaojibu vitendawili kwa upesi kuliko wote. Tena mzee ajuaye kwamba watu wamelipa ataanza kusimulia kwa saa na kwa bei, na hadithi haina mizani. Twashauri kila mwanachama aongeze shilingi mia tano juu ya ada yake ya mwezi, na kuwekwe sanduku mlangoni kwa atakaye kutoa kwa hiari. Fedha hizo zitatosha taa na mlinzi, na mikeka yetu ishonwe badala ya kulaumiwa.

Wapo pia wasemao kwamba kazi ya wazee hawa imekwisha, maana kuna redio, kuna runinga, na kila mtu ana simu mkononi. Ni kweli kwamba redio imefanya kazi njema: wakubwa zetu walikua wakisikiliza hadithi za watoto katika kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam, na wengi wao hata leo waweza kukurudia visa walivyovisikia. Runinga nayo imeenea Bara tangu mwaka 1994. Sisi hatuzichukii ala hizi. Lakini redio haimwoni mtoto akisinzia ili ipandishe sauti, wala haimwoni mwingine akiogopa ili imtie zimwi shimoni mapema kidogo. Hadithi ya barazani ni mazungumzo, na aitikiaye hufanya nusu ya kazi. Mtoto aliyezoea kusikiliza chombo kisichomwuliza kitu hukua akidhani kwamba kusikiliza ni kunyamaza.

Twafika sasa kwenye hoja ya tatu, ambayo haikuandikwa katika barua yoyote, walakini twaijua, maana husemwa pembeni wakati wa chai. Yasemwa kwamba Kiswahili cha wazee hawa si sanifu, na kwamba watoto wetu watajifunza makosa watakayokatwa maksi mtihanini. Hoja hii ndiyo iliyoleta msiba wa mwezi uliopita, ambao waliohudhuria wote waujua, nasi tutausema bila kutaja jina la mtu.

Usiku ule alikuwa akisimulia bibi mmoja mzee, mwenye Kiswahili cha Kimtangʼata kilichochanganyika na Kibondei cha mama yake. Kisa chake kilikuwa cha msichana aliyesahau kitu chake pwani, akarudi peke yake kukitafuta, akakamatwa na zimwi, akatiwa ndani ya ngoma. Zimwi lazunguka vijijini na ngoma yake. Kila likipiga, mtoto huimba ndani, na watu hustaajabu ngoma yenye sauti nzuri namna ile, hulipa chakula. Bibi alikuwa amefika mahali ambapo zimwi, kwa kutojua, limeingia katika kijiji cha wazazi wa msichana, na mama yuko mekoni anatwanga. Ngoma yapigwa. Mtoto aimba kwa Kibondei. Mama anasimamisha mchi.

Hapo ndipo karani mmoja kijana, mwanachama wetu, aliposimama akasema, “Samahani, Bibi, hapo hatusemi hivyo. Ngeli hiyo haikubali. Watoto wanasikia.” Akaeleza namna ya kusema, naye alieleza sawasawa kama kilivyo kitabu cha sarufi.

Bibi alimtazama, akakusanya kanga yake, akasema kwa upole, “Haya mjukuu wangu, imalizie wewe basi, maana wewe waijua.” Kisha akanyamaza. Kijana akabaki amesimama. Ukumbi ulimngoja. Alijua ngeli zote za Kiswahili, walakini hakujua kama mama aliifungua ngoma au hakuifungua. Bibi aliinuka, akawaaga watu kwa adabu, akaenda zake. Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu hakuja, na watoto waliuliza, nasi hatukuwa na jawabu la kuwapa.

Hatuandiki haya ili kumfedhehesha kijana yule, ambaye ni mchapa kazi na alidhani anatenda wema. Twaandika kwa sababu neno alilolisema yeye kwa sauti, wengi wetu twalisema moyoni. Basi na tulipime. Kiswahili kiitwacho sanifu ni kitu chema, nasi tulao mshahara kwa kuandika barua zinazosomeka Kigoma na Mtwara kwa namna moja, hatuwezi kukidharau. Lakini tukumbuke umri wake. Mkutano uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha ya vitabu ulifanyika Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Lahaja za pwani hii zilikuwapo kabla ya mkutano huo, na ndizo zilizonywesha lugha hiyo. Usanifu ni nguo ya ofisini. Ni wajibu kuivaa ofisini, na ni ujinga kumvua mzee kanga yake barazani ili umvike koti.

Tena hadithi zenyewe zatufundisha kwamba haziishi ila kwa kubadili nguo. Tutoe mfano mmoja. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, aliziandika hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, akazipiga chapa London mwaka 1870 katika kitabu Swahili Tales, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo mna kisa cha Kima na Papa. Kima akaa juu ya mkuyu ulioinama baharini, amtupia Papa matunda. Papa amwalika kwao, na wakiwa katikati ya bahari amwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima ajibu kwamba wao huacha mioyo yao mitini, basi warudi wakauchukue. Akiisha kupanda juu hashuki tena; na Papa akimwita, amsimulia habari za punda wa dobi, aliyenusurika na simba mara ya kwanza, akadanganywa na sungura akarudi mara ya pili, akauawa. Sungura akala moyo na masikio, na simba alipouliza, akaambiwa kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio, maana kama angalikuwa navyo asingalirudi.

Wachunguzi wa hadithi wametuonyesha kwamba kisa hiki kimo katika Panchatantra, kitabu cha kale cha Bara Hindi, ambamo rafiki wa kima ni mamba. Tena kimo katika Kalila wa Dimna ya Waarabu, ambamo rafiki huyo ni kasa. Kilipofika pwani yetu kikakuta papa, kikakuta mkuyu, kikakaa. Tufikiri: kama katika kila bandari angalisimama karani kusema “Hapana, si papa, ni mamba; rudia!”, kisa hiki kingalifia njiani, na sisi tusingalikuwa na neno la kumwambia mtu arudiaye kwa mjanja aliyemwumiza, kwamba asiwe punda wa dobi.

Walakini yatupasa kuwa waadilifu pande zote. Hatusemi kwamba kila kisa cha wazee ni chema. Katika visa vingi mama wa kambo ni mwovu daima, mtumwa ni mpumbavu, na mlemavu huchekwa. Mwanachama mmoja mwanamke, aleaye watoto wa mumewe kwa mapenzi, alisimama usiku mmoja hadithi ilipokwisha, akauliza kama hakuna hata kisa kimoja duniani ambamo mama wa kambo si mchawi. Watu walicheka, lakini mzee aliyesimulia hakucheka. Alisema, “Nipe mwezi mmoja, mwanangu.” Mwezi uliofuata alileta kisa cha mama wa kambo aliyekwenda kwa mazimwi kumkomboa mtoto asiyemzaa, na alipomaliza akamuuliza yule mwanamke, “Yatosha?” Akajibu, “Yatosha, baba.” Tazameni basi tofauti ya barazani na kitabuni. Kitabu chenye kosa hungoja chapa ya pili. Mzee huulizwa leo, akajibu mwezi ujao.

Pamoja na hayo, twajua kwamba mzee hufa, na kitabu hubaki. Hili ndilo jambo ambalo sisi makarani tungeweza kulifaa kundi hili kuliko watu wengine wote, maana kazi yetu ni kuandika yasemwayo na wengine bila kuyapotosha. Kila siku twaandika mihtasari ya mikutano ya wakubwa, neno kwa neno. Je, ni nani katika sisi aliyemwandikia nyanya yake hata kisa kimoja kwa uangalifu huo? Kisa cha msichana aliyetiwa ngomani kwa jumla chajulikana katika sehemu nyingi za Afrika, na mtu aweza kukisoma vitabuni. Walakini wimbo wa Kibondei ambao bibi yule aliuimba, na namna mama alivyosimamisha mchi, hatujaviona kitabuni. Vipo kifuani mwake tu.

Katika kuandika huko pana hatari moja ya kuangaliwa. Alikuja hapa siku moja mgeni mwenye chombo cha kunasa sauti, akakaa na wazee saa nyingi, akapewa chai na visa, akaenda zake. Hakuna hata mmoja aliyepata kusikia tena sauti yake mwenyewe, wala kujua ilipelekwa wapi. Na katika simu za vijana siku hizi hupita visa vya wazee wetu, jina la msimulizi limeachwa na jina la aliyenasa limewekwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imezihesabu hadithi za jadi na vitendawili miongoni mwa mambo yanayolindwa. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye jirani zake wenyewe hawakumtaja jina. Mlinzi wa kwanza ni adabu: kuomba ruhusa kabla ya kunasa, kuandika jina la mwenyewe juu ya karatasi, na kumsomea alichokisema ili aseme kama ndivyo au sivyo.

Baada ya kuyapima haya yote, tunaiomba Halmashauri iazimie mambo manne.

Kwanza, kundi lipewe ukumbi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwa mwaka mzima, bila kiingilio mlangoni, na gharama za taa na mlinzi zitoke katika shilingi mia tano za kila mwanachama tulizozitaja.

Pili, pasiwepo mtu wa kumkatiza msimulizi kwa ajili ya lugha. Mwenye swali la sarufi alihifadhi hata mwisho, ampe mwalimu wa shule darasani. Na mzee atakaye kusimulia kwa Kisambaa, Kibondei, Kidigo au Kizigua aruhusiwe, na mmoja wetu afasiri; maana wako wanachama wa lugha zote hizo katika chama hiki, na itakuwa heri wazitumie kwa kitu zaidi ya kuteta.

Tatu, wachaguliwe makarani wawili wenye mwandiko mzuri, wakae kila baraza, waandike kisa kimoja kila mwezi pamoja na jina la msimulizi, kwa ruhusa yake. Nakala moja apewe mwenyewe au watoto wake, ya pili iwekwe katika kabati la chama, na akiridhia, ya tatu ipigwe katika gazeti hili. Wasitengeneze lugha yake. Pasipoeleweka waweke maelezo chini ya ukurasa, kama wafanyavyo kwa barua za wakubwa wao.

Nne, na hili ndilo la haraka kuliko yote, watumwe watu watatu kwa bibi yule, mmoja wao awe mwanamke mtu mzima. Wasiende na barua, maana hatuendi kumpa maagizo. Waende kwa miguu, wapige hodi, wakae wakikaribishwa, wamwombe radhi kwa niaba ya chama, kisha wamwombe kwa adabu aje amalize kisa chake. Akikubali, na tushukuru. Akikataa, asisongwe, hadithi ni mali yake, naye ana haki ya kuizuia. Tumesikia kwamba kijana yule ameomba awe mmoja wa watatu hao. Twaona ombi lake ni jema, na Halmashauri ilikubali.

Wanachama, hatujui miaka iliyobaki kwa wazee wetu, na hapana haja ya kuihesabu. Twajua tu kwamba ukumbi tunao, mikeka tunayo ingawa imeraruka, na kalamu ndiyo kazi yetu. Yeyote anayeona kwamba tumekosea katika hoja hizi na aje mkutanoni aseme, atasikilizwa mpaka mwisho bila kukatizwa. Na anayekubaliana nasi asitosheke na kutikisa kichwa akisoma ukurasa huu mezani pake. Aje apige kura, maana kiti kitupu hakina mkono wa kuinua.

Wasalaam,

Mhariri